Slaidi ya Pili

MAABARA YA MIFUGO YA NDESANJO
Nyuma ya Duka la Dawa la Abdulsalam
Levolosi, Arusha
8 Mei 1995

Kwa Mwalimu Simaloi, Oldonyo Sambu

YAH: MAJIBU YA DAMU YA NG'OMBE WAWILI

Mwalimu,

Nimepokea kwa mkono wa Aikande, mama wa maziwa, slaidi mbili ulizotandaza damu ya sikio kama nilivyokuelekeza. Umetandaza vizuri, sina budi kusema. Nimezipaka rangi na kuzisoma mwenyewe kwa hadubini, lenzi ya mia.

Narok, jike jeusi, mwenye mimba: ana ndigana baridi. Nanyokie, mtamba mwekundu: ana ndigana baridi. Vidoa vyeusi vimejaa pembeni mwa chembe nyekundu za damu, wote wawili. Huu ni ugonjwa wa kupe, unaujua, na mnyama mmoja anatosha kuwamaliza wa jirani.

Nakurudishia slaidi zote mbili pamoja na barua hii. Siku hizi kila mtu amefungua maabara na kila mtu ni mtaalamu. Mimi mteja wangu anaondoka na ushahidi mkononi.

Wako katika kazi,
Sifael Ndesanjo
Fundi Sanifu wa Maabara Daraja la Kwanza (zamani serikalini)


Oldonyo Sambu
12 Mei 1995

Shikamoo Mzee Ndesanjo,

Natumaini hujambo na nyumbani hawajambo. Barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani umekosea jina la mwenye mali. Narok wangu anakula, anacheua, pua ina unyevu, macho hayana hata chembe ya unjano. Asubuhi hii amenipa lita sita, na ana mimba ya miezi sita. Nanyokie ndiyo kabisa, jana kanivunjia uzio kwa kuruka.

Sasa nisikilize nilivyojitia kitanzini mwenyewe. Josho letu limekauka tangu serikali iliposema kila mtu ajitegemee. Mwezi wa tatu tulikaa mkutano, tukakubaliana tununue dawa wenyewe tulifufue. Mimi ndiye niliyesimama nikasema: kabla ya kuogesha, tupime damu, na mwenye ng'ombe mgonjwa ampeleke buchani asiwaambukize wa wenzake. Walinipigia makofi. Nikawa wa kwanza kupima, na hadi leo ni wa kwanza na wa mwisho, maana walipoona majibu yangu hakuna mwingine aliyetaka kupima.

Mwenyekiti wa kamati ya josho ni Lesikar, kaka wa marehemu mume wangu. Tangu tulipozika anasema wazi kwamba mwanamke asiye na ng'ombe hana haja na malisho. Ng'ombe hao wawili ndio walioniweka kwenye ile ardhi. Wakiondoka, malisho ya mume wangu yanarudi kwa Lesikar, na mimi na wanangu tunabaki na nyumba na ua. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo nakuomba, mzee wangu, kwa heshima zote: rudia. Nitatandaza damu upya, Aikande ailete. Kama ni wagonjwa kweli nitanyamaza.

Wako,
Mwl. Simaloi


Levolosi
15 Mei 1995

Mwalimu,

Marahaba.

Ndivyo mlivyo wote. Majibu yakiwa mazuri, Ndesanjo ni bingwa. Yakiwa mabaya, Ndesanjo arudie. Je, nirudie mpaka nitoe jibu unalolipenda?

Nimeanza kusoma damu mwaka 1964, wewe ukiwa bado unajifunza kushika chaki ubaoni. Nimesoma damu ya ng'ombe wa Monduli, Longido, Mbulu mpaka Loliondo, kwenye hema, kwa taa ya kandili. Walipotupa barua za kupunguzwa kazini, wenzangu walilia. Mimi niliwaomba waniuzie hadubini yangu. Nimeitumia miaka ishirini na tisa, na haijawahi kuniambia uongo.

Kuhusu kula, kucheua na kuruka uzio: ng'ombe wa huko kwenu anaweza kuubeba ugonjwa huu miaka mingi bila kuonyesha dalili. Hiyo ndiyo maana ya kupima, Mwalimu. Kama macho ya mfugaji yangetosha, serikali isingenisomesha.

Mambo ya shemeji yako na malisho si kazi ya maabara. Sirudii.

S. Ndesanjo


Oldonyo Sambu
19 Mei 1995

Bwana Ndesanjo,

Umesema mteja anaondoka na ushahidi mkononi. Asante kwa hilo, maana nimeutumia.

Shule yetu ina hadubini moja, ya chuma, yenye kioo chini cha kukamatia jua. Ililetwa na marafiki wa usharika. Mwaka wa nne huu naitumia na Darasa la Sita. Tumeangalia mguu wa nyuki ulivyobeba chavua kama mzigo wa kuni. Tumeangalia maji ya mfereji, yale tunayokunywa, tukaona vijidudu vinavyozunguka, na mama mmoja akaja shuleni kunigombeza kwamba mwanawe amekataa kunywa maji. Tumeangalia mdomo wa kupe. Una meno yaliyorudi nyuma, ndiyo maana ukimvuta kichwa kinabaki. Tunaangalia vitu vidogo sana, Bwana Ndesanjo, kwa hiyo tunajua uchafu.

Kitu cha kwanza ninachofundisha siku ya kwanza ni hiki: kabla hujasema umeona mdudu, hakikisha si vumbi. Sogeza slaidi. Zungusha lenzi ya jicho. Tazama kama kitu kile kipo hata mahali ambapo hakipaswi kuwepo.

Jumatano nikaweka slaidi ya Narok. Lenzi yetu ni ya arobaini tu, lakini chembe zinaonekana na vidoa vyako vinaonekana. Ni kweli, vipo vingi. Nikasogeza slaidi mpaka pembeni kabisa, pale damu haikufika, penye kioo kitupu. Vidoa vipo. Wadudu wa damu wanaishi kwenye kioo?

Kisha nikazungusha skrubu ndogo, taratibu. Vidoa vikikaa sawa, chembe zinafifia. Chembe zikikaa sawa, vidoa vinafifia. Haviko ndani ya damu. Viko juu yake, vimelala tu.

Nina swali moja, nijibu kama mtu mzima. Tangu Pasaka umesoma damu za watu wengi, Aikande ananiambia foleni inafika dukani kwa Abdulsalam. Umeshasoma hata slaidi moja iliyo safi?

Maziwa yangu hakuna anayeyataka tena. Aikande anabeba barua zangu, maziwa ameyakataa. Zimebaki siku kumi na mbili.

Simaloi


Levolosi
22 Mei 1995

Mwalimu,

Naona shikamoo imekwisha. Sawa.

Nimeisoma barua yako mbele ya Abdulsalam, tukacheka mpaka akafunga duka. Mwalimu wa shule ya msingi, na hadubini ya kuchezea, na kioo cha jua, ananifundisha mimi kulenga! Kesho utamfundisha padri ibada. Hivi unajua lenzi ya mia inawekwa tone la mafuta? Unajua hata kwa nini? Rudi kwa nyuki wako na mainzi yako, huko ndiko uliko na ujuzi, na wanafunzi wako hawawezi kukupinga.

Nakuonya. Nimesikia umewaambia watu kwenye soko la Ngaramtoni kwamba Ndesanjo anasoma uchafu. Wateja watatu wameniuliza. Jina langu nimelijenga miaka thelathini na moja na sasa ndilo linalonilisha, sina jingine, serikali ilinitoa na mikono mitupu. Ukilipaka matope tena nitaandika kwa Afisa Elimu kwamba unaacha somo na kuingilia taaluma za watu. Tuone nani atabaki kazini.

Swali lako la Pasaka silijibu. Halina adabu.

S. Ndesanjo


KAMATI YA JOSHO, OLDONYO SAMBU
24 Mei 1995

Kwa Mwalimu Simaloi
Nakala: Ndugu S. Ndesanjo, Levolosi

Kikao cha kamati kimekaa jana. Kimeona kwamba barua ya mtaalamu wa maabara haijafutwa na mtaalamu mwenyewe, na maneno ya mwenye mali siyo ushahidi. Kwa kuwa hoja ya kutoa ng'ombe wagonjwa ililetwa na Mwalimu mwenyewe, kamati haioni sababu ya Mwalimu kulalamika.

Jike jeusi aondoke Ijumaa hii tarehe 26. Mtamba aondoke Ijumaa inayofuata, tarehe 2 Juni. Baada ya hapo wazee wa ukoo watakaa kuzungumzia malisho.

Lesikar, Mwenyekiti


Oldonyo Sambu
25 Mei 1995

Bwana Ndesanjo,

Nakala unayo. Umeona umegeuzwa fimbo ya nani.

Gari linamchukua Narok leo saa kumi jioni. Nimemkamua kwa mara ya mwisho na maziwa nimemwaga kwenye migomba, maana hata paka wa jirani wamekatazwa. Kesho alfajiri anachinjwa hapo mjini, machinjioni.

Unasema hadubini yako haijawahi kukuambia uongo na mimi najua mainzi tu. Vizuri. Hadubini tuiache. Wewe umefungua ng'ombe wengi waliokufa kwa ndigana baridi. Unajua bandama lake linavyokuwa, linavimba mara mbili. Unajua nyongo inavyokuwa nzito, na mafuta yanavyokuwa ya njano. Mimi nimesoma kwenye kitabu, wewe umeshika kwa mkono.

Basi nenda kamwone. Simama pale anapofunguliwa. Kama ni mgonjwa, peleka barua yako kwa Afisa Elimu, na mimi nitaongeza sahihi yangu chini. Ukiogopa kwenda, ujue kwamba nitajua kwa nini.

Ni mweusi mwili mzima, sikio la kushoto nimelitoboa kwa ajili ya damu yako.

Simaloi


Levolosi
27 Mei 1995

Mwalimu Simaloi,

Shikamoo yako siidai.

Nilikwenda. Nilivaa koti langu jeupe la zamani na nikachukua chupa, nia yangu ikiwa nikate kipande cha bandama nikuletee huko mbele ya darasa lako, nikuaibishe. Nataka ujue nilikwenda na moyo wa namna hiyo.

Nikamtambua kwa sikio. Bandama lilikuwa la kawaida. Nililishika, nikaligeuza, nikalipima kwa kiganja. Mafuta meupe. Nyongo nyepesi, ya kijani, kama ya mnyama yeyote aliye mzima. Mchinjaji akaniuliza, fundi, huyu alikuwa anaumwa nini? Nikafuta mikono kwenye koti langu jeupe. Ndama alikuwa dume. Ni bora ulisikie hilo kwangu kuliko kwa wapita njia.

Sikutaka kuamini hata hapo. Ninakuambia ukweli. Njia nzima nilikuwa najiambia ni ng'ombe mmoja, wapo wanaobeba bila dalili, nimekuandikia hivyo na bado ni kweli kitabuni. Nilipofika nikafungua daftari la majibu ili nijitetee. Tangu tarehe tatu Aprili nimesoma slaidi mia moja na kumi na mbili. Safi: hakuna. Nikahesabu tena kwa kidole. Hakuna hata moja. Mia na kumi na mbili, kutoka Kisongo, Ngaramtoni, Mto wa Mbu, kwako, na mimi sikuona ajabu. Niliona biashara inakwenda. Swali lako la Pasaka nimelijibu.

Nikachukua sindano, nikachoma kidole changu. Nikatandaza, nikaacha ikauke, nikapaka rangi ile ile ya chupa ile ile, nusu saa, nikaosha, nikaweka mafuta, nikaangalia.

Nina ndigana baridi, Mwalimu. Mimi, binadamu, Mlutheri wa Machame, sijawahi hata kulala zizini, nimejaa ugonjwa wa ng'ombe mpaka pembeni mwa kila chembe. Nilikaa pale nikicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Nikazungusha skrubu ndogo kama ulivyosema. Vikafifia.

Rangi ile ikikaa kwenye chupa inaganda, inatoa punje chini. Lazima ichujwe kila asubuhi kabla ya kutumia, na punje zisipochujwa zinatua juu ya damu na kujifanya wadudu. Hilo analijua hata mwanagenzi. Mimi mwenyewe niliwahi kumfukuza mtu kazini, jina lake Allen, kijana wa watu, kwa kosa hilo hilo, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hana macho. Zamani karatasi za kuchujia zilikuja na gari la idara, katoni nzima, hukuwa na sababu ya kuzifikiria. Zangu ziliisha mwishoni mwa Machi. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, nikasema nitachuja kesho. Kesho ikawa Aprili, ikawa Mei. Na miezi yote hiyo kila mara jicho langu lilipoona kidoa, nilifurahi kwamba nimekipata.

Sikucheka na Abdulsalam. Barua yako niliisoma peke yangu, nikaificha chini ya godoro. Niliandika vile ili ikuume.

Jana jioni nikakunja kitambaa kipya cha pamba mara nne, nikachuja rangi, nikachoma kidole kingine, nikapaka upya. Slaidi ya pili ikatoka safi kabisa, chembe nyekundu tupu kama ilivyo haki. Nimezifunga zote mbili humu, ya kwanza na ya pili, na kila moja nimeibandika jina langu.

Humu pia kuna barua kwa kamati. Imefuta majibu ya Narok na ya Nanyokie, na imesema kosa ni langu na limetokana na nini. Nimeweka sahihi na muhuri. Kama Lesikar ataleta ubishi mwambie nitakuja mwenyewe nisimame mbele yao. Wale wengine mia na kumi nimeanza kuwaandikia kila mmoja. Kibao changu cha mlangoni nimekishusha mpaka nitakapomaliza.

Sijui la kukuambia kuhusu Narok. Nimejaribu kuliandika mara nne.

Sifael Ndesanjo


Oldonyo Sambu
1 Juni 1995

Shikamoo Mzee Ndesanjo,

Shikamoo nimeirudisha kwa sababu kwetu mtu mzima akilitaja kosa lake husalimiwa. Usidhani ni zaidi ya hapo.

Barua yako kwa kamati ilisomwa juzi. Lesikar aliomba aishike mwenyewe, akautazama muhuri mbele na nyuma, akauliza kama mtaalamu aliyekosea mara ya kwanza anaweza kuaminiwa mara ya pili. Mzee mmoja akamjibu kwamba hilo alipaswa kuliuliza wiki iliyopita. Wakapiga kura. Nanyokie anabaki, na mwenye ng'ombe akibaki malisho yanabaki, Lesikar alikuwa ameyasema hayo mwenyewe kwa mdomo wake na kila mtu alimkumbusha. Hanisalimii tena. Naishi.

Wamekubaliana tupime upya, safari hii maboma yote, hata la mwenyekiti. Wameuliza nani atasoma. Resiato, katibu wetu, akasema asome yule yule, maana sasa anaogopa. Kwa hiyo utaletewa damu. Chuja rangi yako. Nitaangalia kila slaidi utakayorudisha, moja moja, kwa lenzi yangu ya arobaini, na nikiona punje moja kwenye kioo kitupu nitakuja Levolosi kwa miguu yangu.

Slaidi zako mbili niliziweka chini ya hadubini bila kuwaambia watoto ni damu ya nani. Waliangalia mmoja mmoja wakaandika kwenye madaftari yao. Ya kwanza: uchafu. Ya pili: safi, mwenye damu ni mzima. Mimi pia nimeangalia. Ni kweli, u mzima wa afya.

Uliona kitu kibaya kwenye damu yako ukasema ngoja, nijipime tena. Hukukubali kukibeba hata kwa usiku mmoja. Ni jambo hilo hilo nililokuomba tarehe kumi na mbili Mei, kwa shikamoo na heshima zote.

Wewe ulipata slaidi ya pili. Narok hakupewa.

Mwl. Simaloi